Tani kwa Tani, Mkono kwa Mkono

Abu Shujaa, kile kitabu chembamba cha fiqhi ambacho watoto wa pwani wamekisoma kizazi baada ya kizazi, hugawa mauzo mafungu matatu. Kuna kuuza kitu kilichopo na mnunuzi anakiona: hiyo ni halali. Kuna kuuza kitu kilichotajwa sifa zake, muuzaji akajifunga kukileta: hiyo nayo halali, mradi kije kama kilivyotajwa. Na kuna kuuza kitu ambacho hakipo mbele ya macho na hakijaonwa: hiyo haifai. Marehemu baba alinisomesha mlango huo barazani kwetu, na mfano wake siku zote ulikuwa samaki. Aliye kwenye pakacha, muuze utakavyo. Aliye baharini bado si wako.

Sasa kijijini kwetu, huku kusini mwa Kwale, wamekuja watu wa kununua kaboni. Boriti hawazitaki. Kuni hawazitaki. Wanachotaka ni mikoko isimame ilivyosimama, nao watulipe kwa kuwa imesimama. Mikutano imefanyika chini ya mwembe, karatasi zimesomwa, chai imenywewa. Kisha katika darsa la wanawake, baada ya sala ya alasiri, bi mkubwa mmoja, mjane wa nahodha, akanigeukia mimi, kwa sababu nasomesha baiolojia na kwa sababu ni binti wa maalim. "Mwanangu," akasema, "hii hewa wanayotaka kuinunua ni fungu la ngapi?"

Wenzetu walicheka. Mimi sikucheka, maana lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoyasikia chini ya ule mwembe. Wageni walikuja na bei na ramani. Yeye aliuliza ni kitu gani hasa kinachotoka mkononi mwetu kikaingia mkononi mwa mtu mwingine, na kama kweli kinatoka.

Wanazuoni wanasema huwezi kukitolea kitu hukumu kabla hujakijua. Basi tuanzie topeni.

Nilipokuwa chuoni nilikuwa nikifanya kibarua wakati wa likizo, kuwashikia watafiti futikamba. Kupima kaboni ya mikoko ni kazi ya kufuata maji: yakipwa unaingia, yakianza kujaa unatoka, na katikati hapo hakuna nafasi ya porojo. Mnafunga kamba kuzunguka kiwanja cha mita 10 kwa 10, kisha mnapima kila mti uliomo, mmoja mmoja, hata ule unaotamani kujifanya hukuuona kwa sababu umesimama kwenye shimo la maji. Mti wa aina ya mchu unaupima kifuani, mita 1.3 kutoka chini, kama mti wowote wa bara. Mkoko wenyewe haukubali. Mizizi yake huchipuka juu kwenye shina na kushuka kama miguu ya buibui, na ukizungusha futikamba kifuani utakuwa umepima mizizi badala ya shina. Kwa hivyo unautafuta mzizi wa juu kabisa, unapanda sentimita 30, na hapo ndipo unapopima. Mara nyingi unakuwa umesimama juu ya mzizi mmoja na kuukumbatia mwingine, na mwenye daftari anakupigia kelele kwamba hakusikia, rudia.

Unene huo wa shina huingizwa katika mlinganyo unaotoa uzito wa mti mzima. Mlinganyo haukushuka kutoka mbinguni. Kuna watu waliokata miti, myembamba na minene, wakapima shina, matawi, majani na mizizi, wakavikausha kwenye oveni, wakavipima tena. Karibu nusu ya uzito mkavu ni kaboni. Ukitaka kujua kaboni hiyo ingetoa hewa kiasi gani lau mti ungechomwa, unazidisha kwa 3.67, kwa sababu kila atomu ya kaboni inayoungua hushika atomu mbili za oksijeni, ambazo kila moja ni nzito kuliko yenyewe. Hapo ndipo zinapotoka tani tulizosomewa chini ya mwembe.

Lakini mti ni sehemu ndogo ya hesabu. Mwaka 2011 Daniel Donato na wenzake walichapisha vipimo vya mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, wakapata wastani wa takriban tani 1,000 za kaboni kwa hekta moja, na katika misitu mingi waliyoipima sehemu kubwa ya kaboni hiyo ilikuwa ardhini. Tope la mikoko halina oksijeni. Ndiyo maana ukilikanyaga linatoa harufu ya yai viza. Vijidudu vya kuozesha vinafanya kazi polepole humo. Jani likianguka, kaa huliburura shimoni kwake. Mzizi ukifa hubaki ulipofia, na mwingine huota juu yake. Kule Belize, kwenye visiwa vya Twin Cays, mboji ya mikoko imefika kina cha mita 10 hivi, na ile ya chini kabisa ina umri wa zaidi ya miaka 7,000. Mizizi iliyokufa juu ya mizizi iliyokufa, ikipanda pamoja na bahari.

Kwetu pahali pa kulielewa jambo hili ni Gazi. Katika miaka ya 1970 sehemu ya mikoko ya Gazi ilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwandani, na palipofyekwa pakabaki peupe. Mbegu zilikuja na maji zikaondoka na maji. Mapema katika miaka ya 1990, James Kairo, mtafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, alianza kupanda tena pamoja na wanakijiji. Miti ile sasa ni msitu wa kupotelea ndani. Na kwa kuwa tarehe ya kupandwa inajulikana, mtafiti anaweza kuusoma ukuaji wake mwaka hadi mwaka, jambo ambalo msitu wa asili hauruhusu.

Jaribio ambalo halijanitoka akilini lilifanyika hapohapo Gazi. Lang'at wa KMFRI na wenzake walibandua gome la mikoko kuzunguka shina katika viwanja vidogo, ili miti ife ikiwa imesimama, baadaye wakaikata, wakapima yaliyofuata. Waliyachapisha mwaka 2014. Ardhi ilishuka. Mizizi ilipokufa, tope lililokuwa limeshikiliwa nayo lilibonyea, na hewa ya kaboni ikazidi kutoka topeni kuliko katika viwanja vya jirani ambavyo havikuguswa.

Nilipoisoma makala hiyo mara ya kwanza moyo wangu haukutulia. Abu Bakr aliyausia majeshi yake yasikate miti ya matunda hata vitani, na hapa watu wa elimu wanaua miti ili wajue miti hufanya nini. Lakini sioni wangejuaje kwa njia nyingine, na viwanja vilikuwa vidogo. Isitoshe, wakataji wamelifanya jaribio hilohilo kwa upana mkubwa zaidi, miaka nenda miaka rudi, ila hawakuandika matokeo.

Kaboni, basi, haikai mtini kama mahindi ghalani. Kila mchana inaingia kwa majani, kila saa inatoka kwa pumzi ya mizizi na vijidudu, na nyingine inakwenda na maji ya kupwa. Kinachohesabiwa ni tofauti kati ya kuingia na kutoka, na tofauti hiyo hudumu maadamu mti uko hai. Mkoko unashikilia tu. Nasema hivi kama mwalimu wa baiolojia, lakini sikio la mtu aliyesoma madrasa haliwezi kuacha kusikia kwamba nimeeleza amana.

Turudi sasa kwenye mlango wa biashara. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yetu huku, kiuzwacho kina sharti tano: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiwe milki ya anayekiuza, kiweze kukabidhiwa, na kiwe maalumu. Manufaa hayana shaka, na tohara naiacha, ingawa aliyewahi kuzama topeni hadi mapajani anaweza kuwa na neno.

Milki ina kisa kirefu. Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, hivyo babu zetu walilala wakiwa wenyewe wakaamka wakiwa wageni. Boriti walizokuwa wakizipakia majahazini kwenda Uarabuni zikawa za kuombewa kibali, na mwaka 1982 kuzipeleka nje kukapigwa marufuku. Kinachowezekana leo ni jamii kuunda chama chake cha msitu, kitiliane sahihi na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kipewe haki ya kusimamia na kunufaika. Ndivyo walivyofanya watu wa Gazi na Makongeni kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013: hekta 117, tani zipatazo 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka, kwa muda wa miaka 20. Pesa zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na hayo nimeyaona kwa macho yangu. Vanga nao wakafuata. Kwa hiyo tunachomiliki ni haki ya kulinda. Mti hatuumiliki, seuze hewa. Kuna hadithi mashuhuri inayowafanya watu wote washirika katika maji, malisho na moto. Hewa haikutajwa, nadhani, kwa sababu haikumpitikia mtu yeyote kwamba siku moja itahitaji kutajwa.

Kukabidhi ni kioja. Mnunuzi akishalipa anapata namba katika daftari la usajili. Tani yenyewe haiendi popote, na haitakiwi kwenda. Ikiondoka topeni imeharibika kazi. Sijui bidhaa nyingine ambayo ukimkabidhi mwenyewe umemdhulumu.

Uzito wote uko kwenye sharti la tano, kuwa maalumu. Kosa la futikamba na la mlinganyo naweza kulivumilia. Hata mizani ya sokoni ina lake. Tatizo ni kwamba tani za kuuza hazipatikani kwa kuupima msitu peke yake. Unaupima msitu, kisha unakadiria ungekuwaje kama mradi usingekuwepo: shoka ngapi zingeingia, hekta ngapi zingefyekwa. Halafu unatoa kimoja kwenye kingine, na kinachobaki ndicho kinachouzwa. Futikamba inauzunguka mti. Haiwezi kuuzunguka mti ambao ungekatwa na haukukatwa. Na hesabu hii ina ukorofi wake: ukisema wanakijiji ni waharibifu wakubwa, tani zinaongezeka, na kijiji kilichojichunga chenyewe tangu enzi za mababu, bila mradi wala mfadhili, kinaonekana hakina cha kuuza. Nimewahi kusikia mtu mzima akiapa mkutanoni kwamba kijiji chake kilikuwa kikikata kupita kiasi, na nikaona jinsi wenzake walivyotazamana.

Katika akida tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu anajua yaliyokuwa, yatakayokuwa, na yale yasiyokuwa, lau yangekuwa yangekuwaje. Hilo la mwisho ndilo ambalo soko la kaboni limelitia bei.

Sisemi kukadiria ni kufuru. Mkulima hukadiria mavuno, nahodha hukadiria upepo, na serikali haiwezi kupanga msitu bila makisio. Kairo na wenzake wanapokisia wanaonyesha njia waliyopitia, na mwingine anaweza kuwapinga kwa vipimo vyake. Huo ni uaminifu wa kielimu ambao ningependa kuuona mahali pengine pia. Wasiwasi wangu unaanza pale kisio linapogeuzwa ratili, likapewa namba, likapita mikono mitatu, na yule wa mwisho akaamini ana kitu.

Kwa hiyo nikimjibu bi mkubwa: jambo hili halimo katika mafungu yale matatu, kwa sababu hapa hakuna mauzo. Kuna ujira. Watu wamekubaliana kulinda kitu, na mtu mwingine anawalipa kwa kazi ya kulinda. Kazi hiyo inaonekana: kuna zamu za kuzunguka msitu, kuna vitalu vya miche, kuna mtu anayekwenda kuhesabu visiki vipya. Kazi inahesabika kwa siku na kwa watu, na hakuna anayehitaji kujua lau ingekuwaje. Kulinda eneo kwa faida ya wote si bidaa ya watu wa kaboni. Mtume aliliwekea mpaka bonde la Naqii karibu na Madina, malisho yake yakawa ya farasi wa umma. Wako wanaopendekeza tuite wakfu, kwa kuwa kwenye wakfu asili hufungwa na mazao yake hutumika, na kwa kweli ndilo jambo linalofanana zaidi na msitu wa mikoko. Lakini wakfu hauna tarehe ya mwisho, na karatasi yetu inayo.

Tofauti kati ya kuuza na kulinda si ya vitabuni tu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kwenye hori la Mwache, kando ya Mombasa, hata mizizi ya mikoko ikafukiwa na miti ikafa kwa wingi. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa pale horini, wala shoka. Katika mauzo, mali ikiharibika kabla ya kukabidhiwa, hasara ni ya muuzaji. Katika amana, mlinzi ambaye hakuzembea hadaiwi. Kijiji kikitia sahihi kama muuzaji, mvua ya namna hiyo itakifanya mdaiwa wa tani alizozipokea mtu wa mbali katika daftari. Kikitia sahihi kama mlinzi, kitalia na msitu wake, basi.

Hapo kijiji kimetakasika, na ningependa kuishia hapo. Lakini kuna mtu wa upande wa pili, na chini ya mwembe hakuna aliyemzungumzia. Yeye analipa ili iweje?

Mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku, na Mungu humkubalia. Kijana mwenye afya hata akitoa magunia bado anadaiwa kufunga. Fidia imewekwa kwa ajili ya ajizi. Uwezo wa mfuko hauingii. Mwalimu mwenzangu aliyekwenda London kumwona mwanawe hakuwa na jahazi la kumfikisha. Safari ya kwenda na kurudi kwa ndege kutoka Nairobi hutoa takriban tani moja ya kaboni dioksidi kwa kila abiria, na akilipia mikoko kwa safari hiyo mimi nitamwombea heri. Kampuni inayochimba mafuta, inayojua mwaka huu itachimba zaidi ya mwaka jana, na inanunua vyeti ili iandike kwenye tangazo lake kwamba imejisafisha, hiyo ni yule kijana mwenye afya. Na tukumbuke ukubwa wa mambo. Dunia hutoa takriban tani bilioni 37 za kaboni dioksidi kwa mwaka kutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Zile tani 3,000 za Gazi na Makongeni, kazi ya vijiji viwili vizima kwa mwaka mzima, hutolewa kwa muda usiofika sekunde tatu.

Kuna na jambo la wakati. Fiqhi ni kali kwenye kubadilishana vitu vya jinsi moja. Dhahabu ikibadilishwa kwa dhahabu, au tende kwa tende, vipimo viwe sawa na makabidhiano yawe palepale, mkono kwa mkono. Ukichelewesha upande mmoja umeingia kwenye riba. Cheti cha kaboni kinasema tani kwa tani, na kwa uzito ni kweli. Kwa wakati si kweli hata kidogo. Kaboni ya makaa ya mawe ililala ardhini takriban miaka milioni 300. Ikishachomwa, sehemu yake hubaki hewani kwa maelfu ya miaka. Kaboni yetu imeahidiwa kwa miaka 20, chini ya msitu ambao mvua moja mbaya inaweza kuufukia. Mmoja ametoa deni la milele, mwingine amelishika kwa muda. Najua kaboni haimo katika vile vitu sita vya riba, na mwanazuoni akinirekebisha kwenye kiasi hicho nitanyamaza. Ila sababu ya makatazo yale, yaani mwenye nguvu asimpe mnyonge kitu pungufu kwa jina la kitu kamili, naiona hapa waziwazi, na safari hii anayepunjwa hayupo mezani: ni mtoto ambaye hajazaliwa, wa hapa au wa huko.

Je, sisi tunashiriki? Wanazuoni wa zamani walijadili mtu anayeuza zabibu kwa mtengenezaji wa mvinyo. Zabibu ni halali, muuzaji ana njaa, na mvinyo si yeye atakayeukamua. Jibu la Shafii lina vidato: ukishuku tu, ni karaha, ukijua kwa yakini, imekuwa haramu. Nalipenda jibu hilo kwa sababu halimpi muuzaji uziwi. Linamlazimisha kuuliza. Na kuuliza tunaweza. Hatuhitaji shahada ya uchumi kumuuliza mnunuzi: mwaka huu unachoma kiasi gani, mwaka jana ulichoma kiasi gani, na cheti chetu utaandika nini juu yake? Akisema ataandika kwamba amewalipa walinzi wa mikoko, karibu. Akisema ataandika kwamba madhara yake yamefutika, basi tumeshajua anakamua nini.

Nilimsomea shemeji yangu haya yote jioni moja. Yeye ni mkataji. Amekata fito na boriti tangu utotoni, kwa kibali kinapopatikana na bila kibali kisipopatikana, na mabega yake yana makovu ya kubeba. Alisikiliza hadi mwisho huku akinoa panga, halafu akasema, "Shemeji, umemtafutia halali mnunuzi, umemtafutia mtoto wa miaka mia ijayo, mpaka zabibu umezitafutia. Mimi je? Boriti nikiiacha, nyumba ya mwanangu itaezekwa kwa nini?"

Ana haki. Gazi walilijua hilo, ndiyo maana walipanda mvinje nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea bila kwenda kuitafuta kwenye msitu wa jirani. Ukifunga hori moja na panga likahamia hori jingine, hukuokoa kitu, umehamisha visiki. Lakini mvinje unataka miaka kabla haujatoa nguzo, na tumbo linataka leo. Kila ninapowasikia watu wa mijini wakisema kwamba umaskini ndio unaoua misitu, namkumbuka shemeji na nakumbuka pia tanuri za viwanda zilizoila mikoko ya Gazi, ambazo hazikuwa za maskini yeyote.

Kisha akaichukua karatasi ya mradi, akaisoma taratibu kwa kidole, akakisimamisha kidole kwenye kifungu kinachosema malipo ya kijiji yatafuata bei ya soko la mwaka husika. "Ulisema huu ni ujira," akasema. "Ujira gani mtu haujui mpaka amemaliza kazi?"

Katika fiqhi ya ujira hilo ndilo sharti la kwanza: malipo yajulikane kabla kazi haijaanza. Kibarua wa siku moja, hata wa kupalilia, haingii shambani bila kujua. Tulikaa mpaka isha tukiandika. Tutaomba kiwango cha chini kitajwe, kwa shilingi, kwa kila mwaka, soko lipande au lishuke. Mnunuzi ajulikane kwa jina kabla ya sahihi. Miche ya mvinje ije kabla ya zamu za ulinzi. Na mvua kama za 1997 zikija, pasidaiwe mtu. Shemeji ndiye atakayesimama kuyasoma. Amesema mimi nikisimama nitaanza habari za samaki wa baba.